Zinki Huliwa Kwanza

Katika miaka ya 1820 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa likipoteza shaba. Tangu karne iliyotangulia, matumbo ya manowari zake za mbao yalikuwa yakifunikwa kwa mabamba ya shaba, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao na mwani usiote. Kwa shida hiyohiyo mabaharia wa pwani yetu walipaka vyombo vyao deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Deheni ikichakaa hupakwa tena. Shaba ilikuwa ghali, na maji ya chumvi yaliila. Wakubwa wa jeshi wakaomba ushauri kwa Humphry Davy, mkemia mashuhuri na rais wa Royal Society.

Davy hakutafuta rangi bora ya kupaka. Alijua kwamba metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake. Moja huliwa na nyingine husalimika. Mwaka 1824 akaambatisha vipande vya zinki na vya chuma kwenye shaba. Zinki ikaliwa, shaba ikabaki nzima. Hakuhitaji vingi: hata eneo dogo kama sehemu moja ya mia ya eneo la shaba lilitosha.

Kisha meli zikaingia kazini. Ziliporudi, shaba ilikuwa salama, ila imejaa mwani na viumbe wenye magamba waliojigandisha kila mahali, na meli zimekuwa nzito. Kumbe shaba ilikuwa ikiwafukuza viumbe hao kwa sababu ilikuwa ikiyeyuka kidogokidogo na kuwatilia sumu. Davy alipoizuia isiliwe, aliizuia pia isifanye kazi yake. Kufikia mwaka 1828 jeshi lilikuwa limeachana na mpango wake. Mwaka uliofuata Davy alifariki, Geneva.

Nilisoma kisa hiki mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, na kimenikaa kuliko milinganyo yote niliyokariri. Kinaonyesha kuwa anayekinga kitu lazima aanze kwa kuuliza kitu hicho kipo pale kwa ajili ya nini.

Wazo la Davy halikufa naye. Mfaransa Paul Jacques Malouin alikuwa ameeleza tangu mwaka 1742 jinsi chuma kinavyoweza kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Mwaka 1837 Mfaransa mwingine, mhandisi Stanislas Sorel, alipata hataza ya kazi hiyo na kuiita kwa jina la Luigi Galvani, daktari wa Bologna aliyechunguza umeme kwenye miguu ya vyura. Galvani hakuwahi kupaka chuma chochote zinki. Lakini jina hilo linaonyesha Sorel alielewa nini: zinki hukikinga chuma kwa umeme, hata pale panapokwaruzika.

Hapo ndipo zinki inapotofautiana na rangi. Rangi ni ukuta. Ukuta ukipata ufa, maji na hewa hupenya, kutu hutambaa chini kwa chini, na rangi huinuka kama lengelenge. Zinki yenyewe, ikichubuka kidogo, huendelea kuliwa pembeni mwa jeraha ili chuma kisiliwe. Hufanya hivyo mpaka iishe.

Wajibu wa mhandisi ni kujua itaisha lini. Utafiti wangu ni juu ya makabati ya chuma yanayowekwa nje, yale yanayobeba betri na mitambo chini ya minara ya simu. Mengi ya aina hii hukatwa kutoka kwenye bati lililokwisha pakwa zinki kiwandani. Daraja moja linalotumika sana lina gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, zikigawanywa pande mbili. Hiyo ni kama mikroni 20 kila upande. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 9223, hewa yenye ukali wa wastani hula zinki kati ya mikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka. Hewa ya daraja la C5, inayoweza kupatikana kwenye fukwe zenye chumvi nyingi, hula kati ya 4.2 na 8.4. Gawanya mwenyewe. Bati lile lile likiwa tupu, zinki inayoweza kudumu miaka 10 au zaidi bara, ufukweni inaweza kuisha kabla ya miaka 5.

Mama yangu mdogo ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa karibu na bahari, mkoani Tanga. Masika moja mnara wao ulizimika siku tatu. Mvua ilikuwa imeingia kwenye kabati lililoliwa na kutu chini ya mlango. Wachuuzi wa samaki hawakuweza kuwalipa wavuvi, na yeye hakupata hata kamisheni ya shilingi moja. Akanipigia mtandao uliporudi.

“Mwanangu, kwani lile sanduku si la chuma?”

“Ni la chuma, mama. Ndiyo maana.”

Tunapokwenda dukani kununua mabati ya nyumba, tunauliza geji, yaani unene wa bati. Sijasikia mteja akiuliza zinki ni gramu ngapi. Nimeona karatasi za zabuni za makabati zikifanya vivyo hivyo: zinataja unene wa chuma na rangi ya kijivu, basi. Tiba inajulikana. Kabati likatwe, litobolewe na kuungwa kwanza, ndipo lichovywe kwenye zinki, ili kingo na matundu yote yafunikwe. Kisha lipakwe rangi juu yake. Rangi huichelewesha chumvi isiifikie zinki, na zinki huizuia kutu isitambae chini ya rangi. Vikiwa pamoja hudumu kuliko jumla ya miaka ya kila kimoja peke yake.

Gharama huongezeka, ndiyo, na anayeikwepa mara nyingi haishi karibu na bahari. Zinki isipotosha, kuna watu nyuma yake wanaoliwa badala yake: wavuvi waliokwisha kuuza, na mwenye kibanda aliyekaa siku tatu akiwaambia wateja warudi kesho.