Chanja za Samaki na Sheria za Ziwa

Wengi wenu wa jeshi na polisi mnamjua Bell wa chupa kuliko Bell aliyekuwa mtu. Bia hiyo ilipata jina kutokana na bandari ya Port Bell, pale Luzira, na bandari nayo iliitwa kwa jina la Hesketh Bell, aliyefika Uganda mwaka 1906 kuwa Kamishna wa Waingereza, na mwaka uliofuata akawa Gavana. Leo twamtaja kwa ajili ya samaki.

Bell aliikuta nchi imo msibani. Ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 kandokando ya ziwa, na mwaka 1903 Daktari David Bruce alikuwa ameonyesha kwamba mwenezaji wake ni mbung'o. Bell akaamuru watu wauhame ukanda wa maili mbili kutoka ufukoni. Visiwa vya Ssese navyo vikahamwa, na wenyeji wake hawakuruhusiwa kurudi hadi yapata mwaka 1920. Uvuvi ukapigwa marufuku. Si haki kuiita amri ile ukatili mtupu, maana mbung'o aliua kweli. Lakini mvuvi alinyang'anywa ziwa, na ziwa ndilo lililomlisha. Basi wako waliorudi kuvua kwa siri. Hapo ndipo mtu wa ufukoni alipoanza kuijua sheria kwa sura ya mlinzi.

Katika miaka ya 1950 sangara, ambaye Waganda humwita mputa, alitiwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Samaki huyu ana tabia zake. Dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ni mkubwa tena ana mafuta mengi, na ukimwachia jua peke yake ataoza. Hapana budi akatwe vipande, akaangwe, atiwe chumvi, au apangwe juu ya chanja na kufukizwa moshi kwa kuni nyingi. Kazi hiyo waliishika zaidi akina mama wa mialoni. Mtaji wao ulikuwa tanuri la udongo, waya wa chanja na kuaminiana na mvuvi. Samaki wao walisafiri hadi Kongo.

Kisha vikaja viwanda vya minofu, na Ulaya ikawa mteja mkubwa. Mteja huyo aliweka vizuizi mara tatu: mwaka 1997 kwa ajili ya vijidudu vya salmonela, 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na 1999 baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Serikali ilitunga Kanuni za Ubora wa Samaki mwaka 1998. Baadhi ya mialo ikatengenezwa, ukaguzi ukakazwa, na mwaka 2000 soko likafunguliwa tena. Ilikuwa kazi njema. Hata hivyo, yatupasa kuuliza usafi ule ulikuwa kwa ajili ya tumbo la nani. Mvuvi wa sumu aliwahatarisha kwanza watoto wa hapa. Nayo sakafu ya saruji ilijengwa pale lilipofika lori la kiwanda. Mama wa chanja alibaki topeni, akinunua mgongo wazi, yaani mifupa iliyokwisha kuvuliwa minofu.

Mwaka 2017 jeshi lilitumwa ziwani kupambana na uvuvi haramu. Nyavu nyingi zilichomwa moto, na malalamiko ya vipigo yakafika Bungeni. Askari aliye mwaloni yampasa akumbuke kosa analolitafuta: sangara asiyetimiza sentimita 50. Taabu ni kwamba samaki akishakatwa na kukaushwa, urefu wake hauonekani tena. Hapo kila kikapu hushukiwa, na mama aliyenunua alfajiri hujibu kosa la mtu wa mtumbwi ambaye amekwisha kurudi majini. Kipimo chapasa kushikwa mtumbwini, samaki angali mzima, kabla ya kisu. Kwenye kizuizi cha njia ya Kampala, askari hana cha kupima.