Kasuku wa Maniema: mwaka bila hesabu si mwaka bila ndege

Mwezi wa Septemba 1869, msafiri David Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Vidonda vya miguu vilimkalisha hapo miezi mingi, na Machi 1871 akafika Nyangwe, upande wa Kasongo. Katika daftari zake za Manyema aliandika pia juu ya kasuku wenye mkia mwekundu. Lakini hayo ni maneno ya mpita njia, si hesabu.

Kuhesabu kasuku kunahitaji kikundi. Mchana ndege hawa hutafuta chakula mbali, jioni hurudi kulala pamoja. Kwa hiyo watu huzunguka kinamasi mapema, hujigawa pande zote, na kabla jua halijazama kila mmoja huandika saa, upande ndege walikotokea na idadi yao. Mwaka unaofuata hurudi pale pale, mwezi ule ule, tuseme Novemba wakati wa mvua. Hesabu moja haisemi mengi. Ya pili ndiyo inayoanzisha historia.

Huko Ghana, watafiti waliorudi mahali kasuku walipokuwa wakilala zamani walikuta kwamba tangu 1992 wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99. Oktoba 2016, mkutano wa CITES mjini Johannesburg ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini. Uamuzi huo uligusa Maniema pia, ambako wategaji walikuwa wakiwanasa kwa ulimbo.

Kusini mwa jimbo kuna shida nyingine: vita. Kijiji kikihamwa, hakuna anayekwenda kinamasini, na karatasi inabaki tupu. Tupu na sifuri ni vitu viwili. Sifuri maana yake watu walikaa hadi giza wasione ndege. Tupu maana yake hawakuweza kufika. Anayevichanganya atatangaza kwamba kasuku wamekwisha, wala hana ushahidi.

Hapo ndipo familia zilizokimbia Salamabila na vijiji vingine zinaposhika sehemu ya historia hii. Mama aliyelima kando ya kinamasi anajua mwaka ambao makundi yalipita juu ya shamba kila jioni, na mwaka yalipoacha kupita. Kumbukumbu hiyo haiwezi kuwa tarakimu. Ila ikiandikwa pamoja na jina la kijito na mwaka wenyewe, itaonyesha pa kuanzia kuhesabu siku njia zitakapofunguka.