Kisa au Kisha: Santuri za Kale na Chombo cha Kuzisikilizia

Kwa miaka mingi nimetunza daftari ambamo nimenakili maneno ya nyimbo zilizomo katika santuri za marehemu mjomba wangu, aliyekuwa na karakana ya baiskeli Tanga. Ni santuri za sheleki, nzito, zenye kuvunjika kama vigae, na nyingi ni za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka jana rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, alilipitia daftari hilo akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kana kwamba tungali tukisahihisha mitihani. Akasita kwenye mshororo mmoja.

"Maalim," akasema, "hapa umeandika kisha. Huyu mama anasema kisa. Marehemu bibi yangu akiuimba wimbo huu jikoni."

Silabi za maneno hayo ni mbili mbili, kwa hiyo mizani haikutuamulia. Lau neno lingeangukia kwenye kina tungalijua mara moja, lakini lilikuwa katikati ya kipande. Na maana inapinduka. Kwa kisha, mwimbaji anasimulia tu kwamba aliahidiwa, halafu akaachwa. Kwa kisa, anamtuhumu mtu kwa kumtungia hadithi ili apate sababu ya kumwacha. Hii ya pili ni lawama iliyonyooka. Nami kwa miaka kadhaa niliwafundisha walimu wanafunzi chuoni kwamba utungo ule ni mfano wa subira ya mwanamke wa Pwani!

Tukaiweka santuri kwenye kinanda changu, tukaisikiliza mara sita. Sauti ilitoka nene, imefunikwa, mithili ya mtu anayesema nyuma ya pazia. Kila mmoja akasikia alilotaka kusikia. Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza chombo ambacho sikuwa nimekifikiria hata siku moja, kile kinachopokea sauti kutoka kwenye sindano kabla haijafika kwenye amplifaya. Mafundi wetu hukiita priampu. Mimi nitakiita kikuza awali.

Kazi yake ni mbili, na watu wengi huijua ya kwanza tu, yaani kukuza. Kichwa cha sindano chenye sumaku inayocheza hutoa kiasi cha milivolti 3 hadi 5, na umeme huo hauna budi kuzidishwa takriban mara 100. Vile vyenye koili inayocheza hutoa kidogo zaidi. Denon DL-103, kichwa cha Kijapani kilichobuniwa mwaka 1962 na ambacho hadi leo kina wapenzi wake, hutoa milivolti 0.3, nacho huhitaji kuzidishwa mara 1,000 hivi. Mahali hapa ndipo fedha za matajiri zinapokwenda, kwa sababu ukikuza mara 1,000 unakuza pia kila mngurumo wa umeme wa nyumba. Viko vikuza awali vinavyouzwa kwa bei ya gari. Sivibezi, kimya chao ni kimya kweli.

Kazi ya pili ndiyo iliyonihusu. Sauti nene zikichongwa kwenye santuri kama zilivyo, sindano ya kuchongea huyumba kwa upana mno, na mfuo mmoja huingilia mwingine. Kwa hiyo wachongaji huzipunguza. Sauti nyembamba nazo huongezwa nguvu, zipate kushinda mchakato wa santuri yenyewe. Wakati wa kusikiliza, kikuza awali hufanya kinyume chake: huzirudisha zilizopunguzwa na kuzishusha zilizoongezwa. Santuri basi ni maandishi yaliyoandikwa kwa kanuni, na kikuza awali ndicho msomaji. Wenye kusoma tenzi za kale kwa hati ya Kiarabu watanielewa upesi. Herufi moja ya be ilitumika kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Asiyejua desturi ya mwandishi atasoma herufi zote sawasawa na maneno yasiwe yenyewe.

Shida ni kwamba kanuni haikuwa moja. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, kurekodi kwa maikrofoni na umeme kulikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Kabla ya hapo mwimbaji alipaza sauti kwenye tarumbeta lililotikisa sindano moja kwa moja. Katika santuri za kampuni hiyo za wakati ule, upunguzaji wa sauti nene ulianzia kwenye hezi 250 hivi, na sauti nyembamba hazikuongezwa, au ziliongezwa kidogo sana. Kampuni nyingine zilikuwa na desturi zao. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya vinili, ya mizunguko 33 na thuluthi kwa dakika. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ya mizunguko 45. Na kila kampuni ikaendelea na kanuni yake. Ndiyo maana vikuza awali vya Uingereza vya miaka ya 1950, kama vya Quad na Leak, vilikuwa na vitufe vya kuchagulia kanuni ya santuri.

Mwaka 1954 chama cha wenye viwanda vya santuri vya Marekani, RIAA, kiliweka kanuni moja, na baada ya muda dunia nzima ikaifuata. Vitufe vikatoweka. Nani angevihitaji? Santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotoka Mombasa katika miaka ya 1960 na 1970, kama zile za lebo ya Mzuri, husomeka barabara kwa kanuni hiyo, na mwenye hizo pekee anunue kikuza awali chochote kizuri, kilicho kimya na kinachoifuata RIAA kwa uaminifu. Nisingemsumbua kwa makala hii.

Lakini iweke santuri ya 1928 kwenye chombo kama hicho uone. Kanuni ya RIAA hushusha sauti za hezi 5,000 kwa desibeli 8 hivi ikilinganishwa na za hezi 1,000, maana yake wimbi hubaki na kama sehemu mbili katika tano za ukubwa wake. Kwa santuri ya vinili hilo ni sawa, kwa kuwa kilichoshushwa kilikuwa kimeongezwa. Kwa santuri ya sheleki ambayo haikuongezwa kitu, ni kunyang'anya. Na huko juu, kuanzia hezi 4,000 na zaidi, ndiko inakokaa nguvu ya konsonanti s. Nguvu ya sh imeshuka chini kidogo. Ukiikata s kileleni, hubaki kitu kinachofanana na sh. Kisa huwa kisha, na samani huweza kuwa shamani, neno lisilokuwapo, ambalo msikilizaji mwenye bidii atalitafutia maana.

Basi nilipotaka kununua sikufuata majedwali ya magazeti ya wapenzi wa muziki. Koili sikuihitaji, kichwa cha sumaku chenye milivolti 5 kilinitosha, kwa hiyo nguvu ya kukuza mara 1,000 nisingeilipia bure. Nilitaka mambo matatu. La kwanza ni swichi za kanuni, mbili zilizo mbalimbali, moja ya mahali pa kugeuzia sauti nene na moja ya kiasi cha kushusha nyembamba, kwa kuwa kitufe kimoja kilichoandikwa "78" tu hakitoshi. La pili ni swichi ya mono. Santuri hizi zilichongwa kwa mwendo wa kando kwa kando, basi kila kinachoitikisa sindano juu na chini ni vumbi na mikwaruzo, na swichi hiyo huufuta mwendo huo. La tatu ni kichujio cha ngurumo za chini ya hezi 20, maana santuri za mjomba zimepinda kwa jua la Tanga.

Na sindano isisahauliwe, ingawa si sehemu ya kikuza awali. Mfuo wa sheleki ni mpana. Ncha yake huwa na nusu-kipenyo cha inchi 0.003 hivi, ilhali ya vinili ya stereo ni 0.0007. Nyembamba ikiwekwa kwenye mfuo mpana huzama hadi chini kwenye vumbi, ikasoma takataka badala ya wimbo. Nilifanya kosa hilo kwa miaka mingi.

Mwanangu aliyeko Uingereza alinitafutia chombo cha bei ya kati, kisicho na urembo wowote, pamoja na sindano yake. Rafiki yangu alikuja Jumamosi, akakaa kimya, kalamu mfukoni. Nikaweka hezi 250, ushushaji sifuri. Mchakato uliongezeka sana, sitaficha, kama mafuta ya kukaangia. Lakini mwimbaji alitoka nyuma ya pazia. Mara ya kwanza tulisikia kucha za mpiga udi zikigusa nyuzi. Halafu likaja neno letu: kisa. Hatukuhitaji kurudia. Nikageuza swichi kwenye RIAA, na pale pale mbele yetu likawa kisha.

Rafiki yangu hakusema neno. Alinipa ile kalamu, nikasahihisha mwenyewe. Nimewaandikia wanafunzi wangu wa zamani ninaojua waliko, wanne, kuwaambia kwamba yule mama hakuwa akisubiri chochote.

Jina lake sina. Lebo ya santuri imefutika. Katika ubeti wa tatu liko neno jingine tunalobishania, nalo limeliwa na sindano za chuma za kinanda cha mjomba, mfuo umekuwa mweupe kwa kuchakaa. Tumejaribu kila swichi. Daftarini tumeacha nafasi ya silabi tatu.