Spea za Pikipiki za Kale Upande wa Bara wa Mombasa

Uhai wa pikipiki ya kale hutegemea spea zinazopatikana karibu nayo. Upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi, spea hizo zimekuwa za zama tatu: za Kiingereza, za Kijapani, kisha za Kihindi na Kichina. Kazi ya fundi anayefufua pikipiki kuukuu ni kuzipatanisha zama hizo ndani ya fremu moja.

Wakati wa ukoloni, mizigo ilishukia bandari ya Kilindini kisiwani, na ilibidi ivushwe ili ifike bara. Kisauni ilipata daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, na feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Mwaka 1942 Kilindini ikawa kituo cha kikosi cha majini cha Uingereza cha Bahari ya Hindi. Hizo zilikuwa zama za Kiingereza: pikipiki za jeshi la Uingereza za siku hizo, kama BSA M20 na Norton 16H, zilipimwa kwa inchi. Boliti zake nyingi hazikubali spana za milimita, na cheche ya injini ilitoka kwenye magneto bila kuhitaji betri.

Pikipiki za Kijapani zilileta vipimo vya milimita. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, iliyobuniwa kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Vali zake huendeshwa kwa vijiti, hivyo injini haina cheni ndefu ya kamshafti inayolegea na kudai matunzo. Hadi mwaka 1993 Kenya ilidhibiti uagizaji kwa leseni na kubana fedha za kigeni. Katika hali hiyo kukarabati kulikuwa na faida kuliko kununua: silinda iliyolika ilipanuliwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, na bushi ilikerezwa upya.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250. Bodaboda zikaenea, zikiwamo Boxer na TVS za India pamoja na pikipiki za Kichina, ambazo nyingi zina injini iliyoigwa kutoka CG125. Kwa njia hiyo muundo wa mwaka 1976 ulirudi ukiwa mpya na wa bei nafuu. Mwenye CG125 ya zamani akapata kabureta, klachi na silinda zinazoitoshea, na mwenye fremu isiyo na injini akapata injini ya kuipandikiza.

Upandikizaji huanza na mikono inayoishika injini. Fundi huiweka injini ndani ya fremu, hulinganisha gia ya mbele na ya nyuma zikae mstari mmoja, ndipo huchomelea. Gia zikipishana, cheni hula meno na kuruka. Hapa inchi imebaki hai: cheni namba 428 ya bodaboda bado hupimwa kwa nusu inchi kutoka pini hadi pini.

Magurudumu hufuata. Beringi namba 6204 ina tundu la milimita 20 na kipenyo cha nje cha milimita 47, awe nani aliyeitengeneza. Kitovu cha Kiingereza cha inchi hukerezwa au hutiwa bushi ili kuipokea. Spoku zilizoliwa na hewa ya chumvi hubadilishwa zote pamoja. Katika umeme, kuhama kutoka volti 6 kwenda 12 huhitaji balbu, koili, betri na kidhibiti chaji kubadilishwa kwa pamoja. Boliti ndizo zinazohitaji subira zaidi. Uzi wa Whitworth una pembe ya digrii 55 na wa milimita digrii 60, kwa hiyo nati ya aina moja ikilazimishwa kwenye boliti ya aina nyingine huharibu zote mbili.

Mwisho ni karatasi. Logbuku hutaja namba ya chasisi na ya injini, hivyo injini ikibadilishwa mwenye pikipiki huomba NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, isajili namba mpya, akiwa na hati za kuthibitisha injini ilikotoka. Namba ya chasisi haiguswi, kwa kuwa ndiyo inayoitambulisha pikipiki hata baada ya spea zake nyingine zote kubadilika.