Miche 62 iliyoijenga Tanga

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na ilipofika Tanga iliyokuwa hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo lilikua zao lililokuja kuwa tegemeo kuu la Tanganyika kwa fedha za kigeni.

Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza bandarini Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na mashamba yakaifuata. Jani la mkonge likishakatwa halingoji: lazima lipelekwe upesi kwenye korona, mashine inayolisaga ili katani ibaki, kisha ioshwe, ianikwe, ipigwe brashi na kufungwa marobota. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilihitaji maji, mitambo, mafundi na makarani. Kufikia 1913 koloni hilo la Wajerumani lilisafirisha takriban tani 20,000 za katani.

Wakataji, manamba, walitoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, hata Msumbiji. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na kwa wengi fedha hiyo ilipatikana kwenye mkonge. Sehemu ya ujira ikarudi serikalini kama kodi, nyingine ikaishia madukani. Huko walikotoka, majembe yalibaki kwa wanawake na wazee.

Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, Uingereza na washirika wake walikosa nyuzi za kamba za meli zilizotoka huko, wakaigeukia katani ya Afrika Mashariki. Vita vya Korea vikapandisha bei tena. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mkonge ndio ulioongoza mauzo ya nje, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kilele cha takriban tani 230,000.

Kisha zikaja kamba za plastiki. Wengi hulaumu utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha la 1967, na kweli usimamizi ulidhoofika. Lakini bei ilikuwa imekwisha kuanza kuporomoka kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umerudi karibu na tani 20,000, kiwango cha enzi za Mjerumani. Bandari, reli na maduka ya Tanga vikayumba pamoja, kwa kuwa vyote vilikula sahani moja.

Katani ni takriban asilimia 4 tu ya jani. Kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ya mabaki ilimwagwa, hadi mtambo wa Hale, mkoani Tanga, ulipoanza kugeuza baadhi yake kuwa gesi na umeme mwaka 2008. Mkonge uliijenga Tanga kwa asilimia hizo 4, zilizouzwa zaidi zikiwa ghafi kwa bei iliyopangwa ng'ambo. Kosa halikuwa kutegemea kilimo, bali kukiacha kiishie kwenye robota.