Mukeke, Mgebuka na Herufi Moja



Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha siku kumi na mbili hapa kambini. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza watu wanakula nini. Shirika silitaji, maana sikuja kulaumu mtu. Tulipewa karatasi yenye orodha ya vyakula, na upande wa samaki kulikuwa na mistari mitano: dagaa, sangala, mgebuka, mukeke, nyamunyamu. Unauliza, unaweka alama, unaenda nyumba ya pili.

Siku ya tatu nikafika kwa mama mmoja Mrundi. Nikamuuliza kama wiki ile walikula mgebuka. Akasema hapana, huyo hamjui. Mukeke je? Akacheka. "Eee, mukeke tulikula juzi tu, nusu nusu, wawili kwa watoto sita." Pale nje alikuwa amekaa jirani yake, mama wa Fizi kama mimi, anachambua maharage. Akaingilia: "We mutoto, hiyo ni samaki moja! Kwetu inaitwaka mukeke. Batu ba Kigoma ndiyo banaita mugebuka." Nikauliza, na nyamunyamu? Yule Mrundi akanijibu kama mtu anayefundisha darasa la kwanza: nyamunyamu ni mukeke akiwa bado mdogo.

Jioni nikamwambia msimamizi wetu: mistari mitatu, samaki mmoja. Tukihesabu hivi itaonekana watu hapa wanakula aina tano za samaki, kumbe ni tatu. Alikuwa mtu mwema. Akaniambia, "Niletee jina la kisayansi la kila mmoja, hapo tutajua." Nikaona ni kazi ya jioni moja. Mimi nimezaliwa Baraka, baba yangu alikuwa mvuvi wa usiku, mtu wa karabai na nyavu. Samaki huyu nimemjua kabla sijajua kuandika jina langu.

Ilichukua zaidi ya wiki mbili. Nilikuta wanasayansi nao wana mistari yao mitatu.

Taarifa moja ya zamani ya uvuvi ilimwita Luciolates stappersii. Nyingine, ya miaka ya karibuni, ilimwita Lates stappersii. Ya tatu iliandika Lates stappersi, i moja tu mwishoni. Na kwenye orodha moja ya majina ya kale nikakuta Luciolates brevior. Nikajiuliza: hawa ni samaki wangapi?

Tuanze mwanzo. Utaratibu wa majina haya unahesabiwa kuanzia mwaka 1758, kwenye toleo la kumi la kitabu cha Msweden Carl Linnaeus, Systema Naturae. Kila mnyama anapewa majina mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo anaoshirikiana na ndugu zake, na la pili ni lake mwenyewe, la spishi. Nyuma yake huandikwa aliyempa jina na mwaka. Sheria kubwa ni hii: kama mnyama mmoja amepewa majina mawili, la zamani ndilo linashika. Baadaye wanazuolojia waliunda tume ya kimataifa ya kusimamia majina ya wanyama, mwaka 1895, na kanuni zinazotumika leo ni toleo la nne, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2000.

Sasa tuje ziwani. Kati ya 1911 na 1913 serikali ya Ubelgiji ilimtuma daktari mmoja, Louis Stappers, kuchunguza maziwa ya Tanganyika na Mweru. Wakati ule upande wetu wa magharibi ulikuwa wa Wabelgiji, na upande wa Kigoma ulikuwa wa Wajerumani. Samaki aliowakusanya walipelekwa Ulaya wakiwa wamehifadhiwa, wakafika mikononi mwa George Albert Boulenger. Huyu alizaliwa Brussels lakini alifanya kazi kwenye makumbusho ya Uingereza, London, na samaki wengi wa Tanganyika ni yeye aliyewaandika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1914, kwenye jarida moja la Kibelgiji la zuolojia ya Afrika, akatangaza samaki mpya: Luciolates stappersii. Stappersii ni heshima kwa yule daktari. Luciolates ni neno la kuunganisha: Lates, jenasi ya sangala, na lucius, neno la Kilatini la samaki mmoja wa mito ya Ulaya, mrefu na mwembamba. Boulenger alitazama mukeke akaona sangala aliyenyooshwa, akaona huyu anastahili jenasi yake peke yake.

Ukimtazama mukeke kwenye beseni unamwelewa. Sangala ana mgongo mnene, ni samaki wa kukata vipande. Mukeke ni kama mkono wa mtu, mwembamba, unamchoma mzima. Hata mama zetu hawawaiti jina moja.

Lakini mwaka huohuo Boulenger alitoa na jina la pili, Luciolates brevior. Brevior maana yake mfupi zaidi. Alidhani ana samaki wawili, mrefu na mfupi. Baadaye ikakubalika kwamba wote ni samaki mmoja. Mimi niliposoma hapo nilimkumbuka yule mama Mrundi na nyamunyamu wake. Sisemi brevior alikuwa nyamunyamu. Nasema tu kwamba kosa la kumhesabu samaki mmoja mara mbili halikuanza na karatasi yetu.

Na hapa sheria ya "la zamani linashika" haisaidii, maana majina yote mawili ni ya 1914. Kanuni wana jibu: mtu wa kwanza kuandika kwamba haya ni majina ya mnyama mmoja, na kuchagua mojawapo, uchaguzi wake unafuatwa. Stappersii likashinda, brevior likabaki kwenye orodha kama jina lisilotumika. Halifutwi. Linaandikwa chini ya lile lililoshinda, ili anayesoma kitabu cha zamani ajue anasomewa nani.

Jina likatulia kwa miaka sitini hivi. Kisha mwaka 1976 mtaalamu wa samaki Peter Humphry Greenwood, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Uganda kabla ya kwenda makumbusho yaleyale ya London, akaipitia upya familia nzima ya sangala. Alilinganisha mifupa. Hitimisho lake: mukeke ni mwembamba kweli, ila wembamba hautoshi kumtoa mtu katika ukoo. Akamrudisha kwa sangala, ndani ya Lates, na Luciolates akaiacha kama tawi dogo tu ndani ya jenasi hiyo. Tangu hapo jina kamili linaandikwa Lates stappersii (Boulenger, 1914). Yale mabano si pambo. Yanamwambia msomaji: huyu Boulenger ndiye aliyempa jina, lakini alimweka jenasi nyingine, sisi tumemhamisha. Jina la ukoo limebadilika, jina lake mwenyewe limebaki. Nani hapa kambini hajui habari hiyo? Umehamishwa nchi, cheti kinasema pengine, lakini jina ulilopewa unaendelea kuitikia.

Kubadilika kwenye kitabu si kubadilika kila mahali. Mwaka huohuo wa 1976, mtafiti George Coulter alitoa makala ndefu kuhusu samaki hawa wa Tanganyika. Kwenye kichwa cha makala ameandika spishi za Lates upande mmoja, na Luciolates stappersii upande wa pili. Hakukosea, ndivyo alivyokuwa anaitwa siku zote. Lakini fikiria kijana wa leo anayefungua makala mbili. Ya kwanza ikisema "Lates", mukeke hayumo. Ya pili ikisema "Lates", mukeke yumo. Akijumlisha bila kujua, ataona Lates wameongezeka ghafla ziwani, na hakuna hata samaki mmoja aliyezaliwa zaidi. Ni hadithi ya karatasi yetu, ila hapa wanaohesabiwa ni samaki wa ziwa zima.

Na ziwa lenyewe ni la nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mukeke hana pasi ya kusafiria. Anafuata dagaa, na dagaa hawajui mpaka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike wazaane. Sisi huku kambini tuliisikia sokoni, maana samaki wa ziwani walipotea na bei ikapanda. Wengine walilalamika. Mimi nilifikiri: nchi nne zikitaka kujua kama mukeke amerudi, kila moja italeta hesabu yake. Bujumbura wataandika mukeke, Kigoma mgebuka, Zambia wana jina lao. Jina la kisayansi ndilo mahali pa kukutania. Halina utamu wa jina la nyumbani, halikuumbwa kwa ajili ya jiko. Kazi yake ni kwamba wote wanne wakilisema, wawe wanamsema samaki mmoja.

Imebaki ile herufi. Stappersi au stappersii? Vitabu vingine vina i moja, vingine mbili, na wote walioandika ni watu wenye shahada. Unaweza kumfanya mtu awe jina la Kilatini kwa njia zote mbili, hakuna iliyo haramu. Ndiyo maana kanuni hazikuuliza ipi ni nzuri. Zinauliza moja tu: aliyeandika mara ya kwanza aliandikaje? Boulenger aliandika i mbili. Basi ni i mbili, na anayeandika moja amekosea tu tahajia, hajaunda jina jipya.

Hapo ndipo nilipofunga daftari, maana nilisikia uchungu.

Mama yangu, jina lake lina w katikati. Siku tulipoandikishwa mara ya kwanza, zamani, tumechoka, watoto wanalia, karani aliandika b. Kwa Kiswahili chetu hizo sauti zinakaa karibu. Hatukuona. Baadaye karatasi nyingine ikaandikwa vizuri, kwa w. Kisha siku moja mashine ikaona wanawake wawili, mmoja wa b na mmoja wa w, na mmoja akasimamishwa. Ni kama Boulenger na samaki wake wawili, ila mukeke hakunyimwa unga. Ofisi moja niliyokwenda walinijibu kwa adabu: "Kaka, sisi tunafuata ile ya kwanza." Niliirudia safari ile mara tatu. Ile ya kwanza, ile ya kwanza.

Kumbe ni sheria ya samaki. Nilikaa na hilo siku mbili, nikaona labda wana haki.

Halafu nikarudi kusoma, nikakuta kifungu nilichokiruka. Kanuni zinasema tahajia ya kwanza inashika, isipokuwa kama ndani ya andiko lilelile la kwanza kuna ushahidi wazi kwamba lilikuwa kosa la bahati mbaya, kama la mwandishi wa nakala au la mpiga chapa. Hapo ni lazima irekebishwe. Ushahidi wa kutoka nje haukubaliki, lazima uwe mlemle ndani.

Nikaenda kwa mama, nikamwomba nakala ya karatasi ya kwanza, ile iliyokunjwa mara nane ndani ya nailoni. Juu, mwandiko wa karani, jina lina b. Chini, mahali pa sahihi, mama ameandika jina lake mwenyewe kwa herufi alizojifunza ukubwani, moja moja, kubwa kubwa. Ina w. Ilikuwepo siku zote, karatasi ileile, siku ileile.

Niliwapelekea. Sikuwaeleza habari za Boulenger, wangeniona mgonjwa. Niliweka kidole juu, kisha chini. Yule dada wa mezani alitazama muda mrefu, akaita mwenzake, wakapiga nakala. Ilichukua miezi minne, lakini mama sasa ni mtu mmoja. Posho ya miezi aliyosimamishwa haikurudi, na sijui wa kumdai.

Ndugu zetu mnaofanya kazi na karatasi, ombi langu ni dogo. Kufuata ya kwanza ni sheria nzuri, bila hiyo kila mtu angeandika lake. Ila ya kwanza isomwe yote, mpaka chini. Na samaki hawezi kusema jina lake, lakini mama yangu anaweza, alikuwa amekaa pale. Mngemuuliza.

Na ile dodoso? Nilirudisha ukurasa mmoja. Mistari mitatu ikawa mmoja: Lates stappersii, na pembeni yake mukeke, mgebuka, nyamunyamu, yote, ili kila mama asikie lake. Yule mama wa Fizi nilipomwonyesha, alinidai asome tena hilo jina la kwanza. Akajaribu mara mbili, ulimi ukagoma. "Basi," akasema, "baandike benyewe. Miye nitakula mukeke."