Kiwanja Kilikuwa cha Nani?

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba, karibu na Soko Kuu hapa Arusha. Jalada limechanika, maandishi ni ya Kiitaliano, lugha nisiyoijua hata salamu yake. Lakini picha, aisee! Makanisa makuu ya Italia na Hispania, kuba juu ya kuba, minara inayotoboa mawingu. Nikakipeleka kijiweni Kaloleni. Mshikaji mmoja akakifunua taratibu, ukurasa hadi ukurasa, mwishowe akasema: "Wenzetu walijenga bwana. Sisi huku tuna nini? Mabati na bloku tu!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku kicheko kile kikaninyima usingizi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sitaki kuwabeza wenzetu, maana walijenga kweli. Watu wa Florence walianza kanisa lao kuu mwaka 1296, na katika mchoro wakaacha tundu juu ya madhabahu lenye upana wa zaidi ya mita 40, wakati hakuna fundi aliyejua namna ya kulifunika. Yaani waliianza kazi wasiyojua kuimaliza, wakawaachia wajukuu. Mwaka 1420 ndipo Filippo Brunelleschi, mtu aliyefundishwa ufua dhahabu, alipoanza kuinua kuba. Alijenga kuba mbili, moja ndani ya nyingine, akiyapanga matofali kwa mtindo wa mifupa ya samaki, ili kila safu ijishike yenyewe bila kutegemezwa kwa msitu wa magogo kutoka chini. Mwaka 1436 ikawa imefungwa. Mimi kwa hilo navua kofia.

Kilichonigeuza mawazo ni kurasa za Hispania. Katika mji wa Seville kuna mnara uitwao Giralda. Ndani yake, karibu mpaka juu, hakuna ngazi. Kuna njia ya mteremko inayozunguka, mtu aweze kupanda hata juu ya mnyama. Kanisa gani linajengwa hivyo? Jibu ni kwamba halikuwa kanisa. Ule ni mnara wa kuadhinia, uliojengwa na Waislamu katika karne ya 12. Wakristo waliuteka mji mwaka 1248, wakautumia msikiti kama kanisa, na mwaka 1401 wakaamua kuubomoa ili wajenge kanisa kubwa la kushangaza dunia. Mnara wakauacha, wakautia kengele. Kule Córdoba hawakubomoa wote: mwaka 1523 walianza kujenga kanisa katikati ya msikiti ulioanzwa mwaka 785, na hadi leo misa inasaliwa huku pembeni kumesimama nguzo zaidi ya 800 za msikiti, na matao yake ya mistari myekundu na myeupe.

Basi nikaacha kutazama minara, nikaanza kutazama chini. Kabla ya jengo, kiwanja kilikuwa cha nani?

Ukitaka kuliuliza swali hilo kwa Kiswahili, panda basi mpaka Dar, kisha boti mpaka Unguja, uende Mkunazini. Kanisa Kuu la Anglikana la pale limesimama palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Sehemu ya ardhi ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, na saa ya mnarani husimuliwa kuwa ni zawadi ya Sultani mwenyewe. Mhindu atoe ardhi, Muislamu atoe saa, Mwingereza ajenge! Mambo ya Unguja hayo.

Mwingereza huyo alikuwa Edward Steere, askofu tangu 1874, msomi wa sheria aliyejitia ufundi uashi. Paa la mbao hakulitaka. Alichanganya mawe ya matumbawe na saruji, akalikunja paa zima kuwa tao moja refu, ukiinua kichwa ni kama uko chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Mpaka leo halijamwangukia mtu. Upande wa nyuma, penye ubatizo, kuna nguzo fupi zilizosimikwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimika walivyoona wao, naye aliporudi akaziacha. Nazipenda nguzo hizo kuliko kanisa lote. Ndizo saini pekee ya mafundi niliyoikuta pale.

Na sisi tunaojiita waandishi tusimpite Steere haraka. Mwaka 1870 alichapisha sarufi ya Kiswahili pamoja na kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waunguja wenyewe. Kiunguja hicho ndicho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilichokishika katika kusanifisha lugha hii ninayokuandikia. Hadithi ni za Waunguja, lakini jalada lina jina la askofu. Unaona? Hata kitabu kina kiwanja chake.

Turudi nyumbani sasa, chini ya Mlima Meru. Mshikaji wangu alisema hatuna kitu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri ili waanzishe misheni. Usiku wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha wakawavamia na kuwaua. Wenyeji walikuwa na hoja yao: askari wa Kijerumani alikuwa karibu, na kwa macho ya mwenye ardhi mzungu wa Biblia na mzungu wa bunduki walikuwa kundi moja. Wajerumani wakajibu kwa moto, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Mwaka 1900 wakawanyonga viongozi wa Wameru na Waarusha. Ndipo misheni ikarudi, Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904.

Kwa hiyo huku kwetu kilichotangulia kanisa ni Boma. Kapteni Johannes alilijenga kati ya 1899 na 1900, na walioinua kuta zile ni Waarusha na Wameru, kwa shuruti, baada ya kushindwa vita. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, kuta nyeupe, bustani safi, maharusi wanapiga picha.

Bibi yangu wa Sekei, tuliyemwita koko, hakupenda kupita upande ule. Tukiteremka naye mjini alivuka barabara. Nikiwa mdogo nilidhani anaogopa magari. Siku moja nikamuuliza, akanijibu kifupi, macho yako mbele: "Pale babu yetu alibeba mawe, na hakulipwa." Hakuongeza neno. Na mimi, mjinga, sikumuuliza jina la huyo babu.

Ukilitaja neno kiwanja kwa Mmeru, jiandae kukaa. Atakupeleka Engare Nanyuki, mwaka 1951, watu wapatao 3,000 walipofukuzwa ili walowezi wapate ardhi, na Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952 kuidai. Hiyo inataka makala yake.

Wiki iliyopita nilimchukua mshikaji wangu wa Kaloleni mpaka Bomani. Hakuwa amewahi kuingia, na amezaliwa hapahapa. Nikamsimulia habari za koko. Akapapasa ukuta kwa kiganja, akautazama toka chini mpaka juu, akauliza: "Haya mawe waliyatoa wapi?"

Kitabu cha picha bado kiko kwake.